Kununua Gari Yadini kwa Bei ya Haki: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Dar es Salaam

Magari mengi yanayouzwa katika yadi za Dar es Salaam, iwe Kinondoni, Magomeni, Mwenge au kando ya Barabara ya Nyerere, yalitumika kwanza Japani, yakanunuliwa mnadani huko, yakavushwa bahari, yakalipiwa kodi, kisha yakaoshwa na kupangwa uwanjani yakiwa yanang'aa. Kila kituo cha safari hiyo kimeacha gharama yake na karatasi yake. Mwenye yadi anazijua gharama hizo zote, na karatasi zimo kabatini mwake. Mnunuzi wa kawaida huingia getini akiwa anajua jambo moja tu, yaani kiasi cha fedha alichonacho. Pengo hilo ndilo linalowafanya watu walipe kupita kiasi, hata pale ambapo muuzaji hakusema uongo wowote. Mwongozo huu unafuata taratibu za Tanzania Bara, na unaeleza hatua kwa hatua namna ya kuliziba pengo hilo kabla fedha haijatoka mkononi.

Hatua ya kwanza: Tafuta gharama ya gari kabla ya kuliona

Amua kwanza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, kwa kuwa mambo hayo matatu ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya bei. Usiishie kwenye jina la gari pekee. Toyota Passo yenye chasisi KGC10 ina injini ya cc 996, na ile yenye chasisi QNC10 ina injini ya cc 1,297. Kwa macho ni gari moja, lakini kwa forodha ni magari mawili tofauti. Vivyo hivyo, Toyota Premio yenye chasisi NZT240 ina injini ya lita 1.5 ya 1NZ-FE, ambayo mafundi wengi wa mjini wanaijua vizuri na ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi, ilhali AZT240 ina injini ya lita 2.0 ya 1AZ-FSE, ile inayoitwa D-4, ambayo hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na ambayo matengenezo yake yanahitaji fundi aliyebobea na mfuko mzito zaidi. Ukikuta Premio mbili zimeegeshwa pamoja na ya D-4 ni ya bei nafuu, usidhani kwamba umependelewa.

Ukishachagua, fungua tovuti za wauzaji wa Japani kama BE FORWARD au SBT Japan, tafuta gari la aina hiyo hiyo, mwaka huo huo na kilomita zinazokaribiana, kisha andika bei yake ikiwa pamoja na usafirishaji na bima hadi bandari ya Dar es Salaam. Tazama magari kadhaa, kwa sababu gari moja lenye bei ya chini sana huwa na sababu yake. Baada ya hapo ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), jaza aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, nacho kitakupa jumla ya kodi. Elewa kwamba TRA wana orodha yao ya thamani na hawategemei ankara pekee, hivyo hata aliyenunua kwa bei ya kutupa Japani hatalipa kodi ya kutupa.

Kodi yenyewe hupandiana. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari likiwa limefika bandarini. Ushuru wa bidhaa hutegemea injini: gari lisilozidi cc 1,000 halitozwi, lenye cc 1,001 hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi cc 2,000 hutozwa asilimia 10. Juu ya huo kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 huja mwishoni na kutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuvimbishwa na ushuru huo wote, na tozo nyingine ndogo ndogo hufuata. Ndiyo maana kwa gari lililozidi miaka 10 jumla ya kodi inaweza kukaribia thamani yenyewe ya gari, na ndiyo maana gari la mwaka wa juu kidogo wakati mwingine humgharimu mwagizaji sawa na lile kuukuu.

Jumlisha bei ya kufika bandarini, kodi, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha na usajili. Namba utakayoipata ni gharama ya kadirio ambayo yadi iliingia ili gari lifike uwanjani. Iandike na uende nayo. Yadi inalipa pango, walinzi, wafanyakazi, na mtaji wake umelala kwenye magari, kwa hiyo faida juu ya namba hiyo ni haki yake. Swali lako litakuwa ni faida kiasi gani.

Hatua ya pili: Jua gari ni la nani na limelipiwa nini

Kabla ya kusifu rangi, muulize muuzaji maswali matatu. La kwanza: je, gari limelipiwa kodi, au bado liko bondi, yaani kwenye hifadhi ya forodha likisubiri kodi ilipwe? Magari yaliyohifadhiwa bondi hutangazwa mara nyingi kwa bei inayovutia kwa sababu kodi haimo, na mnunuzi hugundua hilo akiwa amekwisha kutoa kianzio. La pili: je, bei inayotajwa inajumuisha VAT, usajili na namba? La tatu: je, yadi ndiyo mmiliki, au inauza kwa niaba ya mtu?

Swali hili la tatu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Yadi nyingi huchanganya magari yao na magari ya mkononi yaliyoletwa na wenyewe ili yauzwe kwa kamisheni. Katika hali hiyo mkataba wako unapaswa kuwa na mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari, au na mwakilishi mwenye hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili. Muuzaji akisema kwamba mwenye gari yuko safarini na kwamba "kila kitu kitamalizwa baadaye", usitoe fedha mpaka hicho cha baadaye kimalizike. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, hakikisha deni limefutwa na mkopeshaji ameliachia kwa maandishi, maana kadi ya mfukoni mwa muuzaji haikuambii kila kitu.

Kwa gari lililosajiliwa, chukua namba yake uangalie deni la faini katika mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi na deni la maegesho la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Madeni haya hufuata namba ya gari, na asiyeyaangalia huyarithi. Gari lenye namba za Zanzibar linahitaji uthibitisho kutoka TRA kwamba halidaiwi kodi yoyote ya Bara. Gari la IT, yaani lile lililoingizwa kwa safari ya kwenda Zambia, Kongo au nchi nyingine jirani, usilinunue kwa bei yoyote ile, hata akija nalo mtu unayemheshimu, kwa sababu halikulipiwa kodi ya hapa na likikamatwa utalipoteza pamoja na fedha yako.

Usidanganywe na herufi za namba. Gari lenye namba E limesajiliwa Tanzania hivi karibuni kuliko lenye namba D, na hilo tu ndilo unaloweza kulisoma kwenye kibao. Linaweza kuwa lilitengenezwa mwaka 2005. Umri wa gari uusome kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: Omba karatasi za Japani

Gari lililoingizwa hivi karibuni lina karatasi mbili zenye thamani kubwa kwako. Ya kwanza ni cheti cha kuliondoa gari Japani, ambacho huonyesha namba ya chasisi, tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi. Nchini Japani gari dogo la abiria hukaguliwa kwa lazima likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa. Kwa hiyo cheti kikionyesha kilomita 118,000 na dashibodi ikionyesha 72,000, hakuna mjadala tena: saa imerudishwa nyuma. Linganisha pia namba ya chasisi ya kwenye cheti na ile iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu, ukiisoma wewe mwenyewe kwa sauti na mwenzako akifuatilia kwenye karatasi.

Karatasi ya pili ni ya mnada. Juu yake kuna daraja: 4.5 ni gari zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida lenye alama za matumizi, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Pembeni huwekwa mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Kampuni za mnada hutofautiana kidogo katika alama hizi, ila za msingi ndizo hizo. Gari la R halina laana, na lililotengenezwa vizuri laweza kukutumikia miaka mingi, lakini halipaswi kuuzwa kwa bei ya gari la daraja la 4.

Muuzaji akisema karatasi zimepotea, ichukulie kauli hiyo kuwa taarifa inayoshusha bei. Karatasi za mnada pia hughushiwa, na kuna huduma za kulipia mtandaoni zinazoitafuta ya asili kwa kutumia namba ya chasisi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na unachokwenda kulipa.

Hatua ya nne: Kagua mwenyewe, mchana, gari likiwa kavu

Mwandishi huyu anaamini kwamba mtu yeyote mwenye macho mazima na saa moja ya subira anaweza kuona nusu ya matatizo ya gari bila kuwa fundi. Nenda asubuhi. Mvua na taa za usiku huficha rangi iliyopigwa upya, na gari lililooshwa dakika hiyo hiyo hung'aa hata pale lisipostahili.

Anza kwa kufungua boneti na kutazama bolti zinazoshikilia mabawa ya mbele na zile za bawaba za boneti. Kiwandani bodi hupakwa rangi bolti zikiwa tayari zimefungwa, kwa hiyo rangi hufunika kichwa cha bolti na chuma kinachoizunguka kama ngozi moja. Ukiona kingo za bolti zimechubuka, au rangi imepasuka mviringo kuizunguka, ujue spana imepita hapo na sehemu hiyo imewahi kutolewa. Tazama kisha lile fremu la chuma linaloshika rejeta: la kiwandani lina vishimo vidogo vya kuchomelea vilivyo sawasawa na kwa nafasi sawa, lililochomelewa gereji lina mistari ya vidonda isiyo na mpangilio. Fanya hivyo hivyo kwenye buti: inua zulia, toa tairi la akiba, tazama sakafu kama imekunjamana au imepakwa dawa nzito ya kuziba. Ajali ya nyuma huonekana hapo hata kama bampa ni jipya kabisa.

Simama mita chache mbele ya gari na utazame nafasi kati ya boneti na mabawa, kisha kati ya milango. Inapaswa kulingana kushoto na kulia. Pitisha kidole ndani ya kingo za mlango, mahali ambapo mpigaji rangi asiye makini huacha vumbi na mikwaruzo ya msasa. Vuta mikanda ya usalama hadi mwisho: lebo yake huwa na tarehe ya kutengenezwa, na ikiwa ya miaka mingi baada ya gari, uliza kwa nini mkanda ulibadilishwa. Mkanda uliochafuka tope karibu na mwisho wake, pamoja na kutu kwenye reli za viti na harufu ya uvundo chini ya mazulia, huashiria gari lililozama kwenye maji. Gari la namna hiyo huwa na matatizo ya umeme yasiyoisha, na ushauri wangu ni kuliacha hata likipunguzwa bei.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka, ikiwemo ya mfuko wa hewa na ya injini, kisha baadhi zizime zenyewe baada ya sekunde chache. Taa ya mfuko wa hewa isipowaka kabisa ni hatari kuliko ile isiyozima, kwa sababu huenda imekatwa makusudi ili mnunuzi asijue kwamba mifuko ilishafyatuka na haikurudishwa. Tazama pia raba ya pedeli ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 lenye pedeli iliyolika hadi chuma linajipinga lenyewe.

Matairi hayahitaji maelezo marefu: soma tarakimu nne zilizo ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakiwa yamezeeka, weka bei ya matairi manne kwenye hesabu yako.

Hatua ya tano: Injini baridi, fundi wako, na barabara

Mwambie muuzaji siku moja kabla kwamba unataka gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, ahirisha. Injini inayosumbua hufichwa kwa kupashwa moto mapema, kwa sababu moshi wa buluu unaotokana na oili kuungua, milio ya cheni na mtikisiko huonekana zaidi kwenye dakika za mwanzo. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, na uangalie kama maji yana rangi ya kuleanti au ni kutu tupu, na kama yana utando wa mafuta. Fungua pia kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa chini yake unahitaji maelezo ya fundi.

Fundi awe wako, umemlipa wewe, na asiwe na mazoea na yadi hiyo. Hii ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika ununuzi mzima, na yeyote anayekuzuia kuja na fundi amekujibu tayari. Aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikiwa kumbukumbu ya mashine inaonyesha kwamba makosa yamefutwa muda mfupi uliopita, mwendo mrefu utayarudisha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokubali mzunguko wa kuzunguka yadi tu.

Endesha angalau dakika ishirini, sehemu yake ikiwa kwenye mlima, kama ule wa Kimara kwenye Barabara ya Morogoro. Gia boksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ikichoka hujionyesha hapo: injini inapanda mizunguko lakini gari haliongezi mwendo, au linatetemeka likianza kuondoka. Gia boksi hizi huharibika haraka zikiwekewa oili isiyo yake, na kwa kuwa huwezi kujua nani aliiweka na lini, mwombe fundi aichunguze rangi na harufu yake. Kwenye barabara mbovu zima redio na usikilize shokapu, bushi na boli joiti. Kwenye sehemu tupu na salama, kanyaga breki kwa nguvu huku umeshika usukani kwa wepesi, uone kama gari linavuta upande.

Hatua ya sita: Kujadili bei kwa hesabu

Kama ulipelekwa na dalali, bei uliyotajiwa ina cha juu chake ndani. Rudi peke yako, au piga simu ya yadi moja kwa moja, uulize bei ya gari hilo kabla ya mazungumzo kuanza. Tangazo la Instagram lenye maneno "gari haidai chochote, maongezi yapo" linakuambia kwamba bei iliyoandikwa imewekewa nafasi ya kushuka.

Uliza gari limefika lini na uangalie tarehe kwenye nyaraka za forodha. Gari lililokaa uwanjani miezi minane limekula mtaji wa mwenyewe, na ana sababu ya kuliachia kwa faida ndogo. Lililoshuka meli wiki iliyopita halina haraka hiyo. Nenda na mtu mmoja asiyelipenda gari hilo, ambaye kazi yake ni kutazama bila kusifu.

Anza na hesabu yako ya hatua ya kwanza, kisha toa orodha ya fundi yenye bei kila mstari. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mkubwa, hii ndiyo bei ya mwisho, milioni 19."

"Kaka, gari nimelipenda na fedha ipo. Kwa hesabu yangu, gari la mwaka huu na injini hii linaingia yadini kwa milioni 15 na nusu hivi. Matairi manne yamezeeka, shokapu za nyuma zinavuja na betri ni mbovu. Fundi ameandika hapa milioni moja na laki mbili. Nikikupa milioni 16 na laki nane, faida yako ipo na mimi nitabaki na uwezo wa kulitengeneza."

Huenda ukajibiwa kwa milioni 18, au ukaambiwa bei haishuki ila matairi yatabadilishwa. Yote mawili ni mazungumzo ya kweli, kwa sababu sasa mnajadili vitu vinavyohesabika. Usitaje kiwango chako cha juu, na usikubali kuulizwa "una shilingi ngapi?" kabla ya kujua gari lina thamani gani. Muuzaji akikwama kwenye bei, geukia vitu: usajili, bima ya mwaka wa kwanza, sevisi ya oili na filta, tairi la akiba, jeki, na funguo ya pili. Funguo ya pili watu huisahau, na kuitengeneza upya kwa gari lenye funguo ya kielektroniki ni gharama halisi. Yadi ikikataa kushuka chini ya kiwango ambacho hesabu yako inakubali, ondoka kwa heshima na uache namba ya simu. Aina nyingi za magari haya zimejaa mjini, na yadi ya pili haiko mbali.

Hatua ya saba: Ukikopa yadini, soma riba inavyohesabiwa

Yadi nyingi hukubali nusu ya bei, nusu nyingine kwa awamu. Malizana kwanza na bei ya taslimu, kisha ndipo uzungumzie mkopo. Ukichanganya mambo mawili, punguzo ulilopata litarudishwa kupitia riba bila wewe kuliona.

Chukua gari la milioni 18, kianzio milioni 9, na milioni 9 zilizobaki zilipwe kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wa awali mwezi hadi mwezi, kila mwezi utalipa riba ya shilingi 270,000 hata ule wa mwisho, ambapo deni limebaki 750,000 tu. Riba ya mwaka mzima ni shilingi 3,240,000. Riba hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, huku ukirejesha 750,000 za mtaji kila mwezi, jumla yake ni shilingi 1,755,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni karibu milioni moja na nusu. Uliza kwa hiyo swali moja linaloweza kujibiwa kwa tarakimu: mpaka mwisho nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi? Jibu liandikwe.

Soma pia kifungu cha kuchelewa. Baadhi ya mikataba huipa yadi ruhusa ya kulichukua gari baada ya kuchelewa kwa siku chache, bila kurejesha chochote kilicholipwa, huku gari likiwa limefungwa kifaa cha kulifuatilia. Kama anayekopesha ni kampuni ya fedha, iwe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Linganisha na mkopo wa benki au SACCOS yako kabla ya kusaini. Mara nyingi safari hiyo ya ziada hulipa.

Hatua ya nane: Mkataba, malipo na risiti

Mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa na wakili, na ni vyema wakili awe uliyemchagua wewe. Utaje namba ya chasisi na ya injini, kilomita zilizo kwenye dashibodi, bei yote, kilichojumuishwa ndani ya bei, tarehe ya kukabidhiwa gari na nyaraka, na kila ahadi ya mdomo: matairi, shokapu, funguo ya pili. Tamko la muuzaji kwamba gari halina deni, halijawekwa dhamana na kilomita zake ni halisi liingie humo. Maneno "gari linauzwa kama lilivyo" yafute, au uombe maelezo ya maandishi ya kasoro zinazojulikana, kwa sababu yameandikwa ili kukunyima haki ya kurudi.

Kama ni lazima utoe kianzio cha kulizuia gari, kiwe kidogo, na karatasi ieleze kwamba kitarudishwa iwapo ukaguzi au nyaraka zitaonyesha kasoro. Malipo makubwa yapite benki, kwenda kwenye akaunti yenye jina la kampuni au la mmiliki aliye kwenye mkataba. Usitume fedha kwenye simu ya afisa mauzo hata akiwa mwema kiasi gani. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA, yenye kiasi kamili ulicholipa. Utaambiwa kwamba bei itashuka ukikubali risiti ya kiasi pungufu. Ukikubali, siku ya mgogoro utakuwa na ushahidi unaosema ulilipa kidogo, na sheria ya kodi inamtaka mnunuzi adai risiti kama inavyomtaka muuzaji aitoe.

Hatua ya tisa: Usajili, bima, na pale mambo yakiharibika

Gari ambalo halijasajiliwa lisajiliwe moja kwa moja kwa jina lako na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. La mkononi lihamishwe TRA mara moja. Utahitaji mkataba, kadi ya zamani, vitambulisho na TIN za pande zote mbili, pamoja na kulipa ada ya uhamisho, ya kadi mpya na ushuru wa stempu. Kubalianeni ndani ya mkataba nani analipa. Kuendesha gari lenye kadi ya mtu mwingine kwa miaka ni kujitafutia matatizo, maana akifariki au akidaiwa, gari hilo kisheria linaonekana ni lake. Bima ikate siku ya kuchukua gari na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Kwa gari la mkopo au lililokula akiba yako yote, chukua bima kubwa.

Ukigundua ndani ya siku za mwanzo kwamba uliambiwa uongo, acha kulitumia gari kadiri inavyowezekana, piga picha, pata ripoti ya fundi kwa maandishi na uiandikie yadi barua ukitaja unachotaka: kutengenezewa, kupunguziwa bei au kurudishiwa fedha. Barua iwe na tarehe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa inapaswa kulingana na maelezo iliyouzwa nayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Malalamiko ya aina hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Pale panapohusika nyaraka za kughushi au gari la wizi, nenda polisi kwanza ukiwa na mkataba, risiti ya EFD na stakabadhi ya benki, kabla ya kukubali kikao chochote cha suluhu yadini.